Gramu Moja Kutoka Gunia Zima

Kwa mkulima wa pareto wa Kiamokama au Nyansiongo, enzi zile zao hili lilipokuwa ndilo karo ya shule na bati la paa, kilo haikuwa neno la mwisho. Maua yalichumwa, yakaanikwa, yakatiwa guniani, yakapimwa kwenye chama cha ushirika, kisha yakasafirishwa yapata kilomita 200 hadi Nakuru kwa Bodi ya Pareto. Huko ndiko bei ilikoamuliwa. Malipo yalifuata kiasi cha piretrini, ile sumu ya wadudu iliyomo ndani ya ua, na kiasi hicho kilipimwa na mtu wa koti jeupe ambaye mkulima hakupata kumwona. Ua la kawaida la Kenya hubeba piretrini asilimia 1 na ushei. La mbegu bora hufika 2. Kwa hiyo magunia mawili yenye uzito uleule, ya majirani wawili wanaogawana ua wa shamba, yangeweza kulipwa tofauti kubwa ajabu, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuutazama ukweli huo kwa macho.

Nimeanza na pareto kwa sababu swali la njia ipi ya maabara inafaa kuchambua mmea huelezwa mara nyingi kana kwamba ni swali la mashine: ipi mpya, ipi ya bei, ipi ina kompyuta kubwa. Katika Kisii na Nyamira, kaunti mbili zilizokuwa wilaya moja hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, swali hilo ni la fedha, la chakula na la dawa. Milima ya Gusii ina mvua, ina udongo, na ina mimea ambayo kila mmoja humdai mkemia njia yake. Atakayeipima yote kwa mashine moja atapata majibu, tena mazuri ya kuchapishwa. Ila mengine yatakuwa ya uongo.

Kazi yenyewe, ukiivua majina yake marefu, ni moja. Chukua watu mia walioteremka kwenye matatu pamoja na kuingia soko la Daraja Mbili mjini Kisii kwa lango moja, wakielekea lango jingine. Mwenye marafiki kila kibanda atasimama, atasalimia, ataulizwa habari za mama, atafika mwisho jioni. Asiye na mtu anayemjua atakatiza na kutokea upande wa pili baada ya dakika chache. Hujawagusa, hujawapanga foleni, lakini wametengana. Molekuli hufanya hivyohivyo. Soko ni kitu kilichotulia, kama unga wa silika, karatasi au utando ndani ya mrija. Kinachosukuma watu mbele ni kimiminika au gesi inayopita. Inayoshikwa sana hubaki nyuma, inayobebwa sana hutangulia. Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Warsaw, alilionyesha jambo hili mwaka 1903 kwa mrija wa kioo uliojaa unga wa chokaa: alimimina maji ya majani aliyoyakamua kwa kiyeyushi, akaona kijani kinagawanyika kuwa mikanda ya kijani mbalimbali na manjano. Miaka mitatu baadaye aliuita uchambuzi huo kromatografia, maandishi ya rangi. Ni vyema kukumbuka kwamba jani ndilo lililoanzisha fani hii yote. Mafuta ya petroli na vidonge vya hospitali vilikuja baadaye.

Tofauti za njia zinatokana na jinsi molekuli inavyosafirishwa. Katika kromatografia ya tabaka jembamba, kimiminika hupanda chenyewe juu ya sahani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Katika ile ambayo kila mwanafunzi wa kemia huiita HPLC, pampu hukisukuma kimiminika kupitia bomba fupi la chuma lililoshindiliwa unga laini mno, kwa shinikizo linaloweza kuwa mara mia la gurudumu la gari. Katika kromatografia ya gesi, sampuli hugeuzwa mvuke na kupeperushwa ndani ya mrija mwembamba kama unywele mnene, mara nyingi wa mita 30, uliokunjwa duara ndani ya tanuri. Na katika elektroforesi ya kapilari, umeme ndio unaovuta: chenye chaji huenda kwa kasi yake, kisicho na chaji hufuata mkondo tu.

Turudi kwa pareto, maana ndiyo inayofundisha kuliko yote.

Piretrini si kitu kimoja. Ni sita: piretrini mbili, sinerini mbili na jasmolini mbili, zilizogawanyika katika makundi mawili kulingana na asidi iliyoziunda. Kundi la kwanza lina asidi ya krisanthemiki, na ndilo muuaji hasa. Kundi la pili lina asidi ya piretriki, na kazi yake kuu ni kumwangusha mdudu chini kwa haraka. Muundo wa mbili kati ya hizo sita ulielezwa na Hermann Staudinger na Leopold Ružička katika makala za mwaka 1924. Mnunuzi wa dawa ya kupulizia anataka kujua makundi yote mawili, na uwiano wao.

Njia ya kale haikuhitaji mashine. Ulivunja dawa kwa alkali ili asidi zitoke, ukazitenganisha kwa kuwa moja huyeyuka katika kiyeyushi kimoja na nyingine katika kingine, kisha ukapima kwa matone ya bureti, ukitumia kemikali yenye zebaki. Wakemia wazee waliweza kuifanya kwa mikono iliyotulia kama ya mshona nguo, na biashara ya dunia iliendeshwa kwa namba zao kwa miaka mingi. Lakini ina kasoro ya msingi: inahesabu asidi, haihesabu piretrini. Ua likianikwa juani siku nyingi, mwanga na hewa huiharibu sehemu nyingine ya molekuli ilhali asidi ingali imo. Bureti itaikuta asidi na kuihesabu kana kwamba dawa bado iko. Inawezekana kabisa gunia lililoharibika lipewe cheti kizuri na mbu wasione lolote.

Kromatografia ya gesi ilipokuja, wengi walidhani jibu limepatikana. Ina macho makali, inatenganisha vitu mia kwa dakika arobaini. Kumbe pareto haipendi moto. Ukipandisha joto kupita nyuzi 200, piretrini hujipindua na kuwa umbo jingine, isopiretrini, ndani ya mashine yenyewe, huku sinerini na jasmolini zikivumilia zaidi. Grafu inatoka safi, vilele vyake vimesimama vizuri, na kimojawapo ni cha kitu ambacho hakikuwa ndani ya ua. Zipo hila za kupunguza joto kwa mrija mfupi na sindano baridi, na wenye ujuzi huzitumia, ila mtu anayejifunza atapotea njiani.

HPLC haichemshi chochote. Hupitisha sampuli ikiwa baridi, na mwanga wa urujuanimno wa karibu nanomita 225 huzisoma piretrini moja baada ya nyingine zinapotoka. Vilele sita, majina sita. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo njia pekee ambayo mkulima anastahili kulipwa kwayo, na sioni sababu ya kuizunguka hukumu hiyo kwa maneno ya staha. Bureti ifundishwe vyuoni kama historia na kama akiba ya siku umeme umepotea.

Ya pareto yana mwisho unaojulikana Gusii nzima. Kenya iliyokuwa ikitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia iliporomoka. Malipo yalichelewa, wakulima wakang'oa, wakapanda mahindi, chai na ndizi. Siku hizi soko limefunguliwa, wanunuzi wapya wamekuja na miche mipya. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Chai nayo ina kisa chake. Viwanda vya Kebirigo, Tombe, Sanganyi, Nyamache, Ogembo na vinginevyo husaga majani ambayo ubora wake huamuliwa na ulimi wa muonjaji huko Mombasa kabla ya mnada. Ulimi huo unafuata kemia. Jani bichi limejaa katekini. Likisagwa na kuachwa lipate hewa, katekini hugeuka theaflavini, zinazotoa wekundu unaong'aa na ule ukali wa kuchangamsha, na thearubigini, zinazotoa weusi na uzito. Mwingereza E. A. H. Roberts alizitambua theaflavini katika miaka ya 1950 kwa karatasi tu, akitenganisha upande mmoja kisha kuigeuza karatasi na kutenganisha upande wa pili. Leo katekini na theaflavini hupimwa kwa HPLC, kuna kanuni ya kimataifa ya katekini, na hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye thearubigini. Zipitishe kwenye HPLC bora kabisa uliyonayo. Badala ya vilele utapata kichuguu kipana, kama vilima vya Manga vikionekana kwa mbali kwenye ukungu. Ni maelfu ya molekuli tofauti, kila moja kidogo sana, zikitoka zimeshikana. Ilibidi zitumiwe spektrometa za tungamo, mashine zinazopima uzito wa molekuli, zenye nguvu kubwa ili kutambua wingi huo, na hata hizo hazikuzitenga, zilizihesabu tu. Sehemu kubwa ya kile kinachoyeyuka katika kikombe cha chai nyeusi, basi, bado haina njia nzuri ya kutenganishwa. Anayekuuzia mashine hatakuambia hilo. Kwa chai ya zambarau, ile mbegu ya TRFK 306 iliyotolewa Kericho mwaka 2011, mambo ni mepesi zaidi: anthosayanini ni rangi, rangi huonekana, na HPLC huzipanga vizuri mradi kimiminika kiwe na asidi ya kutosha.

Mikaratusi, iliyojaa kila kilima na kulaumiwa kwa kukausha chemchemi, sitaisemea mengi. Mafuta yake ni mepesi, yanapaa, hayaogopi joto la mashine. Kromatografia ya gesi iliumbwa kwa ajili ya mimea ya aina hiyo. Mengine yote ni kujichosha.

Sasa ingia jikoni. Chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, ni mboga ambayo mgeni akiila Kisii mara ya kwanza hukunja uso, na mara ya tatu huulizia. Huchemshwa kwa muda mrefu, maji ya kwanza yakamwagwa na wengine, kisha hutiwa maziwa na kuachwa ilale. Uchungu wake unatoka kwa glukosinoleti, hasa moja iitwayo glukokaparini. Ajabu yake ni kwamba ndani ya jani lisiloguswa, glukosinoleti na kimeng'enya chake vimekaa vyumba tofauti. Lichane jani, vyumba vinabomoka, kimeng'enya kinaishambulia glukosinoleti, na baada ya dakika chache unachonusa ni mvuke mkali, methili isothiosayaneti, binamu wa kile kinachochoma pua kwenye haradali.

Fikiria wanafunzi wawili wa kemia waliopewa shada moja la chinsaga kutoka soko la Keroka. Wa kwanza anasaga majani kwa kinu na maji baridi, anachuja, anadunga kwenye mashine ya gesi. Anapata isothiosayaneti tele na anaandika kwamba mboga hii imejaa kitu hicho. Wa pili anatumbukiza majani mazima kwenye methanoli iliyokwisha kuchemka, kimeng'enya kinakufa kabla hakijapata nafasi, kisha anatumia HPLC. Anapata glukosinoleti tele na isothiosayaneti karibu hakuna. Wote wawili wamepima sawasawa. Mmoja amepima ghala, mwingine amepima moto ulioliteketeza. Na mama anayepika, ambaye huliweka jani kwenye maji ya moto likiwa bado zima, yuko upande wa mwanafunzi wa pili bila kuwahi kuona pipeti. Glukosinoleti zina chaji, haziwezi kugeuka mvuke. Kuzipeleka kwenye kromatografia ya gesi moja kwa moja ni sawa na kupeleka ng'ombe mnada wa kuku. Elektroforesi ya kapilari ingezifaa kwa bei ndogo ya kimiminika, na nashangaa inavyosahaulika katika mipango ya maabara zetu.

Rinagu, mnavu, ina hofu nyingine: alikaloidi zenye sukari, ndugu wa zile zinazofanya kiazi chenye rangi ya kijani kuwa hatari. Hizi hazionekani vizuri kwenye mwanga wa HPLC, ni kama mtu aliyevaa nguo za giza usiku. Lazima uangalie karibu na nanomita 200, ambako kila kitu kingine nacho kinaonekana. Hapo ndipo sahani duni ya tabaka jembamba inapoitoa jasho mashine ya mamilioni.

Inafanywaje? Unachukua sahani yenye unga mweupe wa silika, unachora mstari kwa penseli sentimita moja kutoka chini. Kwa penseli, si kalamu, kwa kuwa wino nao ungepanda na kukuharibia kazi. Unaweka matone madogo kwa mrija mwembamba, moja la rinagu ya shamba, moja la matunda yake mabichi, moja la alikaloidi safi unayoijua. Unaisimamisha ndani ya chupa ya kioo yenye kimiminika kina cha chini ya mstari, unafunika, unangoja. Kimiminika kinapanda polepole, unaona mpaka wa unyevu ukisogea. Unaitoa kabla haujafika juu, unaikausha, unainyunyizia kemikali ya Dragendorff, na alikaloidi zinajitokeza madoa ya rangi ya chungwa. Doa la shamba likiwa hafifu na la matunda mabichi likiwa nene, umeshajua cha kumwambia mpishi. Hukuhitaji desimali tatu.

Mwaka 1938 huko Kharkiv ndiko Izmailov na Shraiber walikolianzisha wazo hili, na Egon Stahl wa Ujerumani akalisawazisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Hadi leo visanduku vya Minilab, vinavyobebwa kukagua dawa bandia katika nchi nyingi za Afrika ikiwemo yetu, vinategemea sahani hiyohiyo.

Hilo linatufikisha kwa abanyamete, waganga wa miti shamba wa Gusii. Jamii hii ina sifa ya kipekee katika tiba ya kale: mabingwa wake wa kupasua fuvu la kichwa, ababari, wameandikwa na madaktari wa nchi za mbali. Dawa zao za mizizi na magome zimefanyiwa utafiti mwingi, na sehemu kubwa ya utafiti huo, naomba radhi kwa waliouandika, ina kasoro ambayo mtu wa kawaida angeiona.

Mganga humwambia mgonjwa achemshe gome kwa maji, anywe kikombe asubuhi. Mtafiti huchukua gome lilelile, akaliloweka kwenye heksani au methanoli siku tatu, akalipeleka kwenye mashine ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo. Kompyuta inalinganisha kila kilele na maktaba yake na kutoa orodha ya majina arobaini. Orodha inaingia kwenye tasnifu. Tazama orodha hizo kwa makini: asidi ya palmitiki, fitoli, asidi ya linoleniki. Hivyo vimo karibu katika kila jani duniani, hata la nyasi ya uwanja wa mpira. Tanini, saponini na glikosidi, ambazo huenda ndizo dawa yenyewe, hazipai. Zimeungua kwenye mlango wa mashine na kubaki pale kama masizi. Zaidi ya hayo, jina lililotolewa na maktaba ni pendekezo tu mpaka ulinganishe na kitu safi ulichonunua, na kitu hicho safi mara nyingi huuzwa kwa miligramu, ghali kuliko dhahabu.

Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel mwaka 2015, alihangaika na swali la namna hii. Mmea aliouchunguza ulikuwa ukishindwa majaribio kwa sababu moto uliiua dawa. Alipobadilisha kutoka maji yanayochemka hadi etha inayochemka kwa joto la chini, mwaka 1971, dondoo likaanza kufanya kazi, na mwaka uliofuata artemisinini, dawa ya malaria, ikatengwa. Na artemisinini yenyewe haionekani vizuri kwa mwanga wa urujuanimno, wala haivumilii joto la kromatografia ya gesi, kwa hiyo kila mashine ya kawaida humpa mtu sababu ya kuikosa.

Kwa miti shamba, basi, ningependa mpangilio tofauti: chemsha kama mganga anavyochemsha, pitisha kwenye sahani kwanza, uone madoa mangapi na uhakikishe hakuna doa la deksamethasoni au dawa nyingine ya hospitali iliyochanganywa kisirisiri kwenye unga. Ukishapata doa lenye kazi, liendee kwa HPLC yenye spektrometa. Mashine ya gesi iachiwe mafuta yanayonukia.

Kuna gharama ambazo hazimo katika kitabu cha maelekezo. HPLC hunywa asetonitraili, na kimiminika hicho ni masalia ya viwanda vya plastiki. Viwanda hivyo vilipozorota mwaka 2008, maabara duniani kote zilikaukiwa, na bei ikapaa. Kromatografia ya gesi inataka mtungi wa heliamu au haidrojeni, usafirishwe milimani kupitia barabara ya Kericho. Umeme ukikatika katikati ya safari ya dakika arobaini, sampuli imepotea. Sahani ya silika haiogopi stima kupotea, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayefanya kazi Nyamira msimu wa mvua. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kinafundisha vijana ambao wengi wao watafanya kazi katika mazingira hayo hasa. Ningependa wahitimu wakiwa mahodari wa sahani kabla hawajawa mahodari wa kubonyeza vitufe.

Nilisema nitarudi kwenye pareto. Ua huchumwa likiwa limefunguka safu tatu au nne za vichanua vya katikati. Mapema au kuchelewa, piretrini hupungua. Sehemu kubwa ya piretrini imo kwenye vijimbegu vya moyo wa ua, si kwenye petali nyeupe. Gunia likitikiswa kwenye lori kutoka Nyansiongo, petali nyepesi hubaki juu na vijimbegu vilivyokatika huteremka chini. Mtu wa maabara akitia mkono juu, ataokota umaskini. Akitoboa chini, ataokota utajiri. Halafu anachukua gramu chache, anazisaga, anazikamua, na HPLC inatoa jibu la desimali mbili kwa gunia zima. Hakuna bomba la silika linaloweza kurekebisha kosa lililofanywa na kiganja.

Wakemia wana dawa ya kosa hilo: humwaga rundo chini, hulikata msalaba, huchukua robo mbili zinazotazamana, huchanganya na kukata tena. Kazi hiyo ingefanywa mbele ya mkulima, juu ya turubai, kabla gunia halijapanda lori, na robo moja ikafungwa kwa lakiri ikabaki kwa chama cha ushirika, basi siku namba ya Nakuru itakaporudi ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kungekuwa na kitu cha kupeleka kwenye maabara nyingine.